Nusu Mstari Nyuma

Kila Jumamosi jioni baba alirudi nyumbani akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Alikuwa fundi wa mashine ya kusaga nafaka, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili, na mashine ile ilikuwa na kelele kiasi kwamba wateja waliongea naye kwa vidole: kimoja kwa unga laini, viwili kwa unga wa chenga. Mama alimpokea mlangoni na ufagio mdogo, akamkung'uta mabega na mgongo huku akimwambia kwamba nyumba hii ina unga wa kutosha jikoni, hauhitajiki mwingine sakafuni. Baba alicheka. Hakuwa amesikia hata neno moja, lakini makelele ya mama aliyajua kwa kuyatazama.

Masikio yake yalikuwa yameliwa na mashine, kidogo kidogo. Nyumbani tulishazoea. Ukimhitaji hukumwita, uligonga meza kwa ngumi mara mbili, naye akahisi mtikisiko kwenye viwiko na kugeuka. Ukitaka akuelewe, ulisimama mbele yake mahali penye mwanga, ukatamka taratibu. Mimi alinielewa kuliko wote, kuliko hata mama, kwa sababu mama akianza kuongea hasubiri mtu.

Nilikuwa darasa la sita wakati huo, na mwimbaji wa kwaya ya watoto kanisani. Kila Jumamosi baada ya mazoezi nilikuwa na kazi moja niliyojivunia sana: kupanga namba za nyimbo. Ukutani, upande wa kulia wa madhabahu, palikuwa na ubao mweusi wenye mifereji mitatu. Mchungaji aliandika namba za nyimbo za Jumapili kwenye kipande cha karatasi. Bibi aliyetunza funguo za kanisa, ambaye sote tulimwita Bibi wa Funguo, alinikabidhi karatasi hiyo pamoja na sanduku la viatu lililojaa vibao vya namba. Nilipanda kwenye kiti nikavichomeka kimoja kimoja, naye akasimama mlangoni na kuniambia kama vimenyooka.

Watu wengi hawakuuhitaji sana ubao ule, maana mchungaji alizitaja namba kwa sauti. Baba aliuhitaji. Alifika mapema, akaketi benchi la tatu, akasoma ubao na kutia vipande vya uzi kwenye kurasa tatu za kitabu chake cha nyimbo. Kitabu chenyewe kilikuwa na unga katikati ya kurasa. Ukikifungua kwa haraka, unapiga chafya.

Halafu aliimba, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Baba aliimba kwa nguvu zake zote, kwa sauti ileile aliyozoea kuipaza juu ya injini, na aliimba nusu mstari nyuma ya kanisa zima. Sisi tukisema amina, yeye ndiyo kwanza anaikaribia. Mpiga kinanda akishainua mikono na watu wamenyamaza, baba alimalizia maneno mawili matatu ya mwisho peke yake, huku akitutazama sisi wanakwaya bila kupepesa macho. Niliamini anatutazama kwa majivuno ya mzazi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Watoto wa kwaya walimpa jina la Mwangwi, na mimi wakaniita Binti Unga. Aliyeongoza utani huo alikuwa rafiki yangu mwenyewe, msichana tuliyemwita Filimbi kwa ajili ya sauti yake nyembamba. "Wenzetu mna bahati," aliniambia. "Nyie nyumbani mkitaka kusikia wimbo mara mbili, hamhitaji redio." Nilicheka pamoja nao.

Basi ikaja habari ya Jumapili ya kwaya. Makanisa matatu ya jirani yangetutembelea, kila moja na kwaya yake, na sisi tulikuwa wenyeji. Mwalimu wa kwaya alikuwa kijana mwembamba aliyefundisha hesabu siku za shule, na kuimba nako alikufanya hesabu. Alitufanyisha mazoezi mpaka midomo ikakauka. Ibada yenyewe ilipangwa hivi: wimbo wa tatu ungeimbwa na watu wote, na kinanda kisingenyamaza mwishoni, ila sisi watoto tungedakia palepale na wimbo wetu bila pengo.

"Hapo ndipo wageni watakapotupima," mwalimu alisema. "Sauti moja ikichelewa, wimbo mzima unachechemea. Mnanielewa?"

Hakumtaja mtu. Lakini vichwa ishirini viligeuka kunitazama, na Filimbi akaninong'oneza, "Binti Unga, tufanyie hisani. Jumapili mfungie mzee ndani." Wakacheka, safari hii sikuweza kucheka nao.

Jumamosi ile nilipanda kwenye kiti na sanduku langu. Karatasi ya mchungaji ilisema wimbo wa tatu ni namba 124. Nilichomeka moja, nikachomeka mbili, nikachomeka nne. Bibi wa Funguo alisema vimenyooka, akatoka kwenda kufunga madirisha ya ofisi. Nilibaki juu ya kiti. Nilinyoosha mkono, nikachomoa mbili na nne, nikazibadilisha. Ubao ukasoma 142.

Sikutaka kumwaibisha baba. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Niliwaza kwamba angefungua ukurasa mwingine, angeona mambo hayaelewani, angenyamaza kwa wimbo mmoja tu. Wimbo mmoja katika maisha mazima, ni nini hicho? Nikashuka, nikarudisha kiti mahali pake, nikaenda nyumbani kupiga pasi sare yangu.

Jumapili kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Baba alikuwa benchi lake la tatu, shati jeupe, nyuzi tatu zikining'inia kwenye kitabu. Nyimbo mbili za kwanza aliimba kama kawaida yake, na baadhi ya wageni waligeuka kumtazama. Ulipofika wa tatu mchungaji akatangaza namba, kinanda kikalia, watu wakasimama. Baba alifungua kwenye uzi wake.

Nilimwona akivuta pumzi. Nilimwona akiinua macho kwangu, akashusha kwenye kitabu, akayainua tena. Akatazama ubao. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akatazama ubao mara ya pili. Akafungua ukurasa wa mbele, wa nyuma. Watu wawili watatu waliochelewa kuingia nao walikuwa wamepotea kama yeye, lakini walichungulia vitabu vya majirani wakaendelea. Baba hakuchungulia. Aliona aibu kuuliza, kwa sababu mtu asiyesikia akiuliza ni lazima ajibiwe kwa kelele. Akaniinulia macho kwa mara ya mwisho, na mimi nikageuza uso nikatazama kinanda.

Alikifunga kitabu. Alibaki amesimama katikati ya watu wanaoimba, mdomo umefungwa, mkono mmoja juu ya benchi la mbele.

Sisi tuliimba vizuri ajabu. Tulidakia bila pengo, wageni wakatushangilia, mwalimu akatupungia ngumi ya furaha. Filimbi alinikumbatia. Nakumbuka nilitafuta furaha moyoni mwangu nikakuta hakuna kitu.

Njiani kurudi nyumbani baba alitembea mbele yangu, kitabu kwapani. Tulipofika karibu na lango akageuka, akaniambia, "Leo masikio yameniaga, mama. Mwanzoni nilikuwa nawafuata vizuri, halafu ghafla kila kitu kikapotea. Hata macho sikuyaamini."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: nilibadilisha namba. Nilifungua lango nikaingia ndani.

Jumapili iliyofuata baba alivaa shati lake jeupe, akaacha kitabu mezani. Kanisani hakwenda benchi la tatu. Aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, na watu waliposimama kuimba yeye alisimama pia, akitazama viatu vyake. Mpiga kinanda alimaliza, kanisa likanyamaza, na kimya kikawa kimya kweli. Hakuna aliyemalizia chochote. Ni jambo nililokuwa nimeliomba kwa miaka miwili, na kimya hicho nilikiona kirefu mno.

Ikawa hivyo Jumapili ya pili, ya tatu, ya nne. Mama alimuuliza kwa ishara kulikoni, akajibu kwamba hataki kuwaharibia watu ibada. Jumamosi moja Bibi wa Funguo alinikabidhi sanduku la vibao lakini hakuliachia.

"Ile siku ya wageni," alisema, "nilikuta ubaoni mia moja arobaini na mbili. Wimbo huo haukuimbwa. Ilikuwaje?"

"Nilikosea, Bibi."

"Ulikosea baada ya mimi kuangalia?"

Nilitazama vibao. Bibi aliachia sanduku. "Haya," alisema, "panga namba zako." Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Baada ya Jumapili ya tano, mama alimlazimisha baba aende kliniki ya masikio, na mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza ili nimwelezee maneno ya daktari. Tuliketi kwenye chumba kidogo chenye madirisha yaliyofungwa. Daktari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole, alimsikiliza baba akisimulia ile Jumapili, akamvalisha vifaa vya kupimia, akabonyeza na kuandika, kisha akaweka karatasi mbili sambamba mezani.

"Hii ni ya mwanzoni mwa mwaka, hii ni ya leo," alisema. "Mwambie baba yako masikio yanashuka polepole, vilevile kama nilivyomweleza. Angeziba masikio kazini tangu ujana, tusingefika hapa. Lakini hakuna kilichotokea ghafla Jumapili yoyote. Sauti nyembamba hazipati tena. Sauti nene bado anazo, ngoma, kinanda upande wa chini. Nazo zitaondoka, huenda ndani ya miezi miwili mitatu. Mwambie azitumie wakati bado zipo."

Baba aliniangalia mdomo, akisubiri. "Anasemaje?"

Nilimweleza yale ya polepole. Nilimweleza ya sauti nene. Nikafika kwenye ile Jumapili, midomo ikagoma.

"Uliza basi," baba alisema, "kama hakuna kilichotokea, siku ile nilipatwa na nini?"

Daktari alinitazama. Baba alinitazama. Machozi yalianza kunitoka, lakini baba hasomi machozi, anasoma midomo, kwa hiyo ilinibidi nifute pua, nisimame penye mwanga wa taa na kutamka neno kwa neno, taratibu, kama ninavyofanya siku zote.

"Ni mimi, baba. Nilibadilisha namba ubaoni. Wimbo ulikuwa mia moja ishirini na nne. Nilitaka unyamaze."

Nilidhani hakunielewa. Alikunja zile karatasi mbili kwa uangalifu, akazitia mfukoni, akamshukuru daktari na kutoka. Nilimfuata hadi kwenye korido. Palikuwa na benchi refu la wagonjwa, akaketi, na mimi nikabaki nimesimama.

"Ungeniambia, 'Baba, nyamaza,' ningenyamaza," alisema hatimaye. Hakuijua nguvu ya sauti yake, korido nzima ikasikia. "Ningeumia siku mbili, nikapona. Wewe umenifanya nijione nimeharibika. Wiki tano nalala nikijua nimeharibika."

"Nisamehe, baba."

"Unajua kwa nini nachelewa?" aliuliza.

Nilitikisa kichwa.

"Kinanda nakipata kwenye benchi, kwa mkono. Maneno nayapata kwako. Nakutazama mdomo, naona ulichosema, ndipo nasema na mimi. Mimi si Mwangwi wa kanisa zima. Ni wako wewe."

Kumbe jina lile alilijua. Miaka miwili alikuwa analijua, kwa sababu watoto walipolitamka hawakuficha midomo yao. Niliketi chini palepale kwenye sakafu ya korido nikalia bila kujali wagonjwa. Siku ile nilipogeuza uso kutazama kinanda nilikuwa nimemzimia taa.

Aliniacha nilie. Kisha akasema, sasa kwa upole, "Mahubiri siyasikii, mama. Maombi siyasikii. Matangazo ndiyo kabisa, nacheka watu wakicheka. Naketi pale saa mbili nzima kama mtu aliye nje ya dirisha. Lakini wimbo ukianza, ninachosema mimi ndicho anachosema kila mtu, na sote tunamwambia Mungu. Kwa beti nne hizo mimi si kiziwi. Basi."

Jioni ileile nilikwenda peke yangu kwa mwalimu wa kwaya, nikamweleza yote. Nilitegemea kunyang'anywa sare. Mwalimu alikunja na kukunjua karatasi ya nota. "Na mimi nimo humo," alisema. "Nilisema ile sentensi nikijua mnamfikiria nani. Nilitaka makofi ya wageni."

Kesho yake alikwenda mashineni. Nilikuwepo, nimepeleka chakula cha mchana. Mashine ilikuwa inanguruma, wateja wamepanga foleni na madebe yao, na mwalimu alijaribu kupaza sauti mara mbili akashindwa. Mteja mmoja alimwelekeza anyooshe vidole, kimoja laini, viwili chenga. Mwalimu alitazama huku na huku, kisha akainama kwenye meza iliyotandwa na unga, akaandika kwa kidole: NISAMEHE. RUDI BENCHI LA TATU. Baba alisoma. Alifuta maandishi kwa kiganja, akaandika chini yake: NITACHELEWA. Mwalimu akacheka, akaandika: TUTANGOJA.

Na walingoja kweli. Jumapili ya sita mwalimu alinihamisha kutoka safu ya nyuma akaniweka pembeni mbele, nikitazamana na benchi la tatu. Namba zilikuwa sahihi. Bibi wa Funguo alizisoma mara mbili, ya pili baada ya mimi kushuka kwenye kiti, na nilistahili hivyo. Niliimba nikifungua mdomo kwa kila neno. Baba aliinua macho kwangu, akaanza, nusu mstari nyuma, kwa nguvu zake zote. Wimbo ulipoisha mpiga kinanda hakuinua mikono. Aliishikilia sauti ya mwisho mpaka baba akafika, na baadhi ya watu wakafika naye. Filimbi, aliyekuwa kando yangu, hakucheka. Aliniuliza tu baadaye kama baba angeusoma mdomo wake pia.

Ningependa kuishia hapo, lakini nisingekuwa mkweli. Sauti nene za kinanda zilibaki kwa baba Jumapili tatu tu. Ya nne aliweka mkono kwenye benchi, akaniangalia na kutikisa kichwa. Mtikisiko aliuhisi, sauti hakuisikia, wala hajaisikia tena hadi leo. Jumapili tano alizoketi karibu na mlango akitazama viatu vyake zilikuwa katika chache za mwisho alizokuwa nazo. Nilizichukua mimi, na hakuna sanduku la viatu ninaloweza kuzirudishia ndani yake.

Siku ile ya nne nililia njiani, na baba akajua ninalilia nini. Alisimama, akanigeuza uso wangu kwenye mwanga, ingawa safari hii mwenye kusema alikuwa yeye.

"Sikiliza wewe unayesikia," alisema. "Sauti nzuri ni zawadi, itunzeni, fanyeni mazoezi. Lakini hatuendi kanisani kusikilizwa na wageni. Tunaimba ili tumshukuru Mungu pamoja, mwenye sauti na asiye nayo, mwenye masikio na asiye nayo. Ukimnyamazisha mmoja ili wimbo upendeze, umebaki na kitu kizuri, lakini ibada umeipunguza. Na ukiwa umekosa, sema siku ileile. Mimi nilikusamehe siku niliyojua. Zile wiki tano zingekuwa siku moja tu."

Niliitikia kwa kichwa.

Sasa niko kidato cha pili na bado napanga namba kila Jumamosi. Nikimaliza nashuka kwenye kiti, naenda kuketi benchi la tatu, mahali pake, nausoma ubao kutoka pale. Halafu narudi nyumbani, nagonga meza mara mbili, na baba anageuka na kuniuliza kesho tunaimba nini. Nasimama penye mwanga, namtajia namba zote tatu.